Stepa inapoteza hatua? Soma dalili kabla ya kuagiza mota kubwa zaidi

Mafundi wengi wanaojenga CNC ndogo (mashine za kukata na kuchonga zinazoongozwa na kompyuta) hapa Arusha na Moshi, kwa ajili ya milango ya mninga, vibao vya maduka na nakshi za vitanda, hufika mahali pamoja. Mashine inaanza kukosea, na jibu la kwanza linalotajwa ni kwamba mota ya stepa (inayozunguka hatua kwa hatua) ni ndogo. Mtu anaagiza NEMA 23 (namba ya ukubwa wa uso wa mota) nyingine ndefu zaidi, anasubiri mzigo wa China kwa wiki kadhaa au anaifuata Kariakoo, anaifunga, na kosa linabaki palepale. Mara nyingi mota ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichokosea kilikuwa volti ndogo, draiva (kifaa kinachopeleka umeme kwenye koili za mota) iliyopangwa vibaya, au skrubu ya kaplingi (kiungo cha shafti) iliyolegea.

Mota, draiva na pawa saplai huchaguliwa kwa pamoja. Ampea zinazopangwa kwenye draiva ndizo zinazotoa nguvu mota ikiwa imesimama au inakwenda taratibu. Volti za pawa saplai ndizo zinazoamua kama nguvu hiyo itabaki mota ikikimbia. Ukilishika hilo, dalili nyingi zilizo hapa chini zitajieleza.

Uwe na multimita, bisibisi ndogo na kalamu ya maka. Na kuna sheria mbili ambazo hazina mjadala. Usichomoe wala kuchomeka waya wa mota draiva ikiwa na umeme: koili hurudisha mshindo wa volti ambao huua draiva papo hapo. Pia, ukizima, subiri taa ya pawa saplai izime yenyewe kabla ya kugusa nyaya, kwa sababu kapasita hubaki na chaji.

"Inaunguruma na kutetemeka, lakini haizunguki"

Sababu inayoongoza ni koili zilizochanganywa. Stepa ya nyaya nne ina koili mbili, na draiva ina nafasi A+ na A-, B+ na B-. Ukiweka ncha moja ya koili kwenye A na ncha yake ya pili kwenye B, mota itatetemeka tu. Usiamini rangi za nyaya, kwa sababu kila kiwanda kina mpangilio wake. Toa mota kwenye draiva, gusanisha ncha za nyaya mbili zozote, kisha zungusha shafti kwa vidole. Ikiwa ngumu ghafla, hizo mbili ni koili moja. Ikibaki laini, jaribu nyingine. Kwa multimita, ncha za koili moja husoma omu chache. Ncha za koili tofauti hazisomi kitu.

Sababu ya pili ni waya uliokatika ndani ya ganda lake, au kiunganishi kilichobana plastiki badala ya shaba. Hutokea sana kwenye mhimili unaotembea. Pima omu huku ukiutikisa waya. Namba ikirukaruka, umempata mhalifu.

Ya tatu ni kuanza kwa pupa. Stepa haiwezi kutoka kwenye kusimama ikaingia kasi kubwa kwa mara moja. Kwenye GRBL (programu ya kontrola inayoendesha mashine), shusha kasi ya juu ($110 hadi $112) iwe 500 mm kwa dakika, na ongezeko la kasi ($120 hadi $122) liwe 50. Ikizunguka vizuri, panda kidogo kidogo.

Ikishindikana, shuku draiva iliyokufa upande mmoja. Zima, kisha funga mota ya X kwenye draiva ya Y. Kosa likihama pamoja na mota, mota ni mbovu. Likibaki kwa draiva ileile, draiva ndiyo. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na ningependa kila mtu akifanye kabla hajaagiza chochote.

Neno kuhusu mota zinazotolewa kwenye fotokopi na printa za zamani, ambazo hapa mjini zinapatikana kwa bei nzuri. Zenye nyaya sita zinafanya kazi na draiva za kisasa ukiacha nyaya mbili za katikati bila kuziunga. Zenye nyaya tano, achana nazo, kwa sababu koili zake zimeunganishwa katikati. Na ukipima koili ukakuta omu 30 au zaidi, hiyo mota ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani; itakwenda polepole vizuri, kisha itachoka mara tu unapoharakisha. Inafaa kwa mashine ya kuchora kwa kalamu. Kwa kukata mninga itakuvunja moyo.

"Kimya kabisa"

Kwanza jaribu shafti kwa mkono. Ikiwa inazunguka laini, draiva haipeleki umeme kwenye mota. Angalia pawa saplai, angalia kitufe cha dharura, halafu angalia pini ya ENA (ya kuwasha na kuzima draiva). Kwenye draiva za aina ya DM542, ENA isipounganishwa kabisa draiva huwa imewashwa. Wengi huiunga kwa nia njema na kuizima bila kujua. Toa nyaya za ENA, jaribu tena.

Ikiwa shafti ni ngumu lakini haisogei, draiva iko hai ila mapigo hayafiki. Hapo kagua nyaya za PUL (mapigo ya hatua) na DIR (mwelekeo). Kontrola nyingi zenye chipu ya ESP32 hutoa volti 3.3, wakati draiva hizi zinatarajia 5, hivyo mapigo yanafika dhaifu au hayafiki. Weka saketi ndogo ya kupandisha ishara hadi volti 5. Kinyume chake, ukitumia kontrola ya viwandani yenye ishara za volti 24 kwenye draiva ya volti 5, lazima uweke resista ya kilo-omu 2 kwenye kila ishara, la sivyo utaunguza sehemu ya kupokea.

"Inapoteza hatua, kazi inatoka imepinda"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina sura nyingi. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, chukua kalamu ya maka. Chora mstari mmoja unaovuka shafti ya mota, kaplingi na skrubu ya mwendo. Endesha kazi inayokosea. Mstari ukikatika, hakuna hatua iliyopotea: kaplingi au puli inateleza. Kaza skrubu zake, na kama shafti ni ya mviringo tupu, mpelekee fundi mkereza aichonge bapa kidogo ili skrubu ipate pa kushika. Kule Unga Limited, Arusha, kazi hiyo haichukui muda.

Mstari ukibaki mzima, zima umeme na sukuma mhimili kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho. Panapogoma ndipo reli hazilingani, au nati imebana, au vumbi la mbao limegandamana na grisi. Hakuna mota itakayotibu reli zilizopinda. Kisha jiulize: inapoteza wakati gani?

*Inapoteza kwenye mwendo wa haraka bila kukata.* Hii ni dalili ya volti ndogo, na hapa nataka tukae kidogo. Koili ina indaktansi, yaani inapinga umeme kuingia ghafla. Chukua NEMA 23 kubwa ya ampea 4.2 yenye milihenri 3.8. Kwa pawa saplai ya volti 12, umeme unahitaji takriban milisekunde 1.3 kufikia ampea hizo. Kwa volti 36 unahitaji kama 0.44. Sasa, mota ya hatua 200 ikizunguka mara 300 kwa dakika, kila hatua kamili ina milisekunde 1 tu. Kwa volti 12 umeme haufiki kamwe. Kwa 36 unafika na muda unabaki. Kwenye skrubu ya gololi yenye mwendo wa mm 5, mizunguko 300 ni mm 1,500 kwa dakika, kasi ya kawaida kabisa kwa mashine ya mbao.

Ndiyo maana mota ndefu zaidi inaweza kuharibu mambo. Kwa kawaida mota kubwa ina indaktansi kubwa, kwa hiyo kwenye volti zilezile inachoka mapema. Ukiwa dukani, usiulize tu nguvu ya kushikilia. Uliza milihenri. Mota mbili za nguvu sawa, chukua yenye milihenri chache na ampea zaidi, mradi draiva yako inazimudu. Kuna kanuni inayotumika sana ya kukadiria volti za juu: zidisha 32 kwa kipeuo cha pili cha milihenri. Kwa 3.8 unapata kama volti 62. Huo ni ukomo wa mota. Draiva ina ukomo wake, na ulio mdogo kati ya hiyo miwili ndio unaofuatwa.

Kuna sababu nyingine inayojificha hapo: maikrostepu (vipande ambavyo draiva hugawa kila hatua) nyingi mno. Watu huweka 1/32 wakidhani ni usahihi zaidi. GRBL kwenye bodi ya Arduino Uno hutoa mapigo kama 30,000 tu kwa sekunde. Kwa 1/32 na skrubu ya mm 5, hiyo ni mapigo 1,280 kwa milimita, na mashine haitavuka takriban mm 1,400 kwa dakika. Kwa 1/8 ni mapigo 320, na nafasi inafika mm 5,600. Kwa mbao, 1/8 inatosha kabisa.

*Inapoteza ikikata kwa kina.* Anza na mkato wenyewe: biti butu, kina kikubwa, mwendo wa pupa. Mninga na mkongo si paini. Kisha angalia ampea kwenye draiva. Swichi za DM542 zina safu mbili za ampea, ya kilele na ya wastani, na 4.2 ya kilele ni kama 3.0 ya wastani. Panga kilele kikaribie namba iliyo kwenye lebo ya mota, halafu panda ngazi moja ukihitaji. Kwa draiva ndogo ya A4988 inayochomekwa kwenye bodi ya CNC Shield, ampea hupangwa kwa kuzungusha skrubu ndogo huku ukipima volti ya rejea. Angalia resista ndogo zilizo kando ya chipu: zikiandikwa R100, zidisha ampea unazotaka kwa 0.8, zikiandikwa R050, zidisha kwa 0.4. Ukikosea resista, unapeleka nusu au mara mbili ya umeme uliokusudia.

Baada ya hayo yote, kama mhimili ni mwepesi na volti zinatosha na bado mota inashindwa, sasa mota ni ndogo kweli. NEMA 17 yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 0.4 inabeba mashine ndogo ya leza au ya kuchora. Fremu ya kukata mbao ngumu inahitaji NEMA 23, na kati ya Nm 1.2 na 2 hutosha mashine nyingi za meza. NEMA 34 iache kwa mashine nzito. Inadai draiva na volti za aina nyingine.

*Inahama taratibu upande mmoja, na nakshi ndefu ndiyo inayoharibika zaidi.* Hili linawachanganya wengi kwa sababu mkato mfupi unatoka safi. Draiva inahitaji ishara ya DIR itangulie PUL kwa angalau mikrosekunde 5 (sehemu 5 za milioni ya sekunde). Kontrola na draiva zisipokubaliana kuhusu upande wa pigo unaohesabika, kila kugeuza mwelekeo kunaweza kupoteza maikrostepu moja. Kwa 1/8 na skrubu ya mm 5, maikrostepu moja ni mm 0.003. Haionekani. Lakini nakshi yenye mageuzo 1,000 itakuwa imehama mm 3. Badili $2 kwenye GRBL kwa mhimili huo, kisha endesha programu ya kwenda na kurudi mara mamia bila kukata, na uangalie kama ncha inarudi kwenye alama ya penseli.

*Inapoteza ovyo, hasa spindo (mota inayozungusha biti) ikiwashwa.* Kelele za umeme. Tenganisha kebo za mota na kebo ya spindo, tumia kebo zenye ngao, na uunge ngao kwenye ardhi upande wa kontrola pekee. Kama umeme wa mtaani kwako unashuka jioni, angalia aina ya pawa saplai. Ya kisasa ya kuswichi huvumilia. Ya transfoma hushuka sambamba: TANESCO ikishuka kutoka 230 hadi 190, volti zako 36 zinakuwa kama 30. Kazi iliyokwenda vizuri asubuhi inakosea saa moja usiku, na fundi anahangaika na programu bure. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, usiendelee ulipoishia. Stepa haina kumbukumbu ya mahali ilipo. Rudisha mashine nyumbani, yaani kwenye nafasi yake ya kuanzia, kwanza.

"Mota inachemka"

Stepa kuwa ya moto ni kawaida. Hula umeme hata ikiwa imesimama. Ganda likifika nyuzi 70 au hata 80 bado mota iko salama, ingawa mkono hauvumilii. Ikizidi hapo, au ikitoa harufu, zima. Angalia kama ampea zimepangwa juu kupita lebo. Kisha angalia swichi ya nne kwenye DM542: ikiwa OFF, umeme hupungua nusu mota ikisimama. Wengi wameiacha ON bila sababu. Ukiwa Moshi, ambako joto la mchana ni kali kuliko Arusha, usifungie mota ndani ya boksi la mbao lisilo na hewa.

"Draiva zinaungua, hii ni ya tatu"

Acha kununua ya nne. Sababu inayoongoza ni kiunganishi cha mota kilicholegea, ambacho hufanya kazi ileile ya kuchomoa waya umeme ukiwaka. Ya pili ni volti zinazokaribia ukomo. Mota ikipunguza mwendo ghafla hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye draiva, na volti hupanda. DM542 ina ukomo wa 50. Ukiipa 48 hujaiachia nafasi ya kupumua. Ipe 36. A4988 ina ukomo wa 35, TMC2209 ina 29. Zote zipe 24. Ukitumia transfoma, kumbuka kwamba volti 24 za AC zikipita kwenye daraja la daiodi na kapasita huwa kama 34, na umeme wa mtaani ukipanda zinapanda nazo.

Zinazofuata ni joto na kuchomeka kinyume. A4988 bila kipoza joto isipite kama ampea 1, na iwekewe feni. Kuichomeka kwenye CNC Shield, fuata pini iliyoandikwa EN. Usifuate ilipo skrubu ndogo, kwani kwenye draiva ya DRV8825 iko upande mwingine. Kwenye kila pawa saplai ya draiva hizi ndogo weka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na draiva.

Kuhusu draiva ya TB6600: sanduku linafanana, lakini ndani zinatofautiana sana. Zipo zinazofanya kazi nzuri. Ila kwa mtu anayeanza na bajeti ya draiva tatu au nne, ningeongeza pesa kidogo nipate aina ya DM542. Mota inakwenda kimya zaidi na haitetemeki sana kwenye kasi ndogo.

"Vipimo vinatoka vibaya kila mara kwa kiasi kilekile"

Hapa hakuna hatua iliyopotea, ni hesabu. Zidisha 200 kwa maikrostepu, gawanya kwa milimita ambazo mhimili unasogea kwa mzunguko mmoja. Skrubu ya T8 yenye mwendo wa mm 8 kwa 1/8 ni mapigo 200. Mkanda wa GT2 wenye puli ya meno 20 unasogea mm 40, hivyo ni 40. Kama kosa ni nusu au mara mbili kamili, swichi za maikrostepu hazilingani na ulichoandika. Skrubu za T8 huuzwa za mm 2 na za mm 8 zikifanana kwa macho, kwa hiyo zungusha mzunguko mmoja na upime kwa rula nati imesogea kiasi gani.

Na ikienda kinyume, zima umeme, badilisha nyaya za koili moja, basi.

"Inanguruma vibaya kwenye kasi fulani tu"

Ni mtetemo wa asili wa mota. Pandisha maikrostepu kutoka 1/2 hadi 1/8, punguza ampea kidogo, kagua kaplingi, na pita kasi hiyo haraka badala ya kukaa ndani yake.

"Ukigusa fremu inakupiga"

Hapa simama. Zima kwenye swichi ya ukutani na chomoa plagi. Kupigwa na fremu kunamaanisha waya wa ardhi haufanyi kazi au umeme wa 230 umevuja kwenye chuma, na hakuna mpangilio wa draiva utakaoliponya hilo. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za pini tatu ambazo nyuma hazina waya wa ardhi. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ardhi ya jengo na aunge fremu, ganda la pawa saplai na ganda la spindo kwenye ardhi hiyo.

Mwite pia pawa saplai ikitoa moshi, fyuzi ikiungua mara mbili mfululizo, au breka ya nyumba ikianguka kila unapowasha. Usifungue pawa saplai ya kuswichi kuitengeneza mwenyewe. Ndani yake kuna kapasita yenye zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Na kabla hujachomeka pawa saplai mpya kwa mara ya kwanza, tazama ubavuni: nyingi zina swichi ndogo ya 110 na 220. Ikiwa kwenye 110, ihamishie 220 kwa bisibisi, plagi ikiwa bado mkononi.